Mkuu wa Kituo Katika Kamati ya Harusi

Mdogo wangu alikamatwa Alhamisi saa tisa alasiri, na harusi yake ilikuwa Jumamosi. Kosa aliloandikiwa lilikuwa kumzuia askari kutekeleza wajibu wake. Alichofanya ni hiki: aliona askari amesimamisha bodaboda, amechomoa ufunguo na kuutia mfukoni, na dereva anambembeleza. Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu asiye na tabia ya kupiga kelele, alimsogelea askari akamwomba jina na namba yake ya kazi. Wakachukuliwa wote wawili, yeye na dereva.

Swali hilo nilimfundisha mimi. Nilikuwa nafanya kazi ghalani Hayes, magharibi mwa London, na wakati wa mapumziko nilisoma. Mwaka ule nilikuwa nasoma sheria za jinai za nyumbani, kifungu kwa kifungu, nikinakili kwenye daftari, na kila Jumapili nilimpigia simu kumweleza nilipofikia. Nilimwambia kwamba raia anaweza kumuuliza askari jina lake. Sikumwambia asiulize wiki ya harusi.

Ijumaa asubuhi kamati ya harusi ya London ilikutana Lewisham, sebuleni kwa mwenyekiti. Sisi hatuozi bila kamati, hata nusu ya ukoo ikiwa ng'ambo. Kamati ya nyumbani ilishughulikia ukumbi, ng'ombe na msafara wa magari. Ya kwetu ilishughulikia sare, pamoja na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mwenyekiti alikuwa binamu yetu, nesi, ndiyo kwanza ametoka shifti ya usiku na viatu vya wodini bado viko miguuni. Mjumbe mwingine aliyefika alikuwa jirani yake, mzee wa Kizanzibari, dereva wa teksi, ambaye hakuwa na undugu na yeyote kati yetu lakini hakuwahi kukosa kikao. Mimi nilikuwa katibu.

Shangazi yetu alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu alfajiri, na kila baada ya muda alitupigia. Kwanza aliambiwa mkuu wa kituo hayupo. Kisha faili liko kwa mpelelezi. Kisha mpelelezi yuko njiani. Mwisho aliambiwa karatasi za kuandikia maelezo zimeisha, kwa hiyo kama ana haraka akanunue rimu moja. Mwenyekiti alitaka inunuliwe mara moja yaishe. Mimi nilikataa, nikasema leo ni karatasi, kesho ni mafuta ya gari. Mzee akauliza kwa upole kama kalamu wanayo. Tulikuwa hatujalala vizuri sote watatu, na swali lile likatuangusha. Tulicheka hadi chai ya mwenyekiti ikamwagika kwenye zulia, naye akacheka zaidi.

Lakini saa tano ya London kiangazi ni saa saba ya nyumbani. Sheria inataka mtuhumiwa apewe dhamana ya polisi au afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, pale inapowezekana, na nilijua hayo maneno mawili ya mwisho yanavyoweza kuvutwa. Ofisi zikifungwa Ijumaa jioni, hakuna wa kutia saini hadi Jumatatu, na bibi harusi angesimama kanisani peke yake kwa sababu ya masomo yangu.

Nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpata mkuu wa kituo, ambaye namba yake shangazi aliisoma kwenye bango la malalamiko ukutani. Hakuwa anapokea. Ya pili ilikuwa kumwingiza mkuu wa msafara kwenye kundi la kamati la simu. Mimi watu nawahifadhi kwa vyeo, kwa sababu kwenye ukoo wetu majina yanajirudia mno. Mkuu wa Kituo na Mkuu wa Msafara walikuwa wamefuatana. Nikabonyeza wa juu.

Kundi lilikuwa na watu mia moja na nne, na mjumbe mpya lazima apokewe. Maua yakamiminika, vigelegele vikaandikwa, mtu akatuma ngoma. Kisha akaulizwa, kama desturi, yeye ni wa upande gani, wa bwana harusi au wa bibi harusi. Zikapita dakika mbili.

"Upande wa Jamhuri," akaandika.

Kundi likacheka sana. Mimi nilitazama namba, nikaitazama tena, nikamwonyesha mwenyekiti. Aliniambia nimtoe upesi. Mzee akamzuia.

"Mwacheni. Mgeni mshampokea kwa maua, mtamtoaje?"

Tukiwa tunabishana, shangazi aliandika kutoka kwenye benchi. Alisema mkuu wa msafara akimaliza kusalimiwa alete rimu ya karatasi kituoni, maana mwanawe hajaandikiwa hata mstari mmoja tangu jana saa tisa, na huyo mkuu wao hajulikani alipo, labda amelala. Mwenyekiti alijifunika mto usoni. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Sikuona njia ya kurudi nyuma, basi nikaandika kama ninavyoandika siku zote. Ajenda ya kwanza: bwana harusi. Saa aliyokamatwa. Kosa aliloandikiwa. Aliyoambiwa shangazi, kwa mpangilio na kwa saa. Muda uliobaki: saa moja na dakika arobaini. Nikatuma, na simu ikaita papo hapo. Nikaiweka kwenye spika wote wasikie.

"Wewe ndiye katibu?"

"Ndiyo, afande."

"Umeandika nimelala."

"Ameandika shangazi, afande. Mimi nimeandika ya karatasi."

Nyuma yake nilisikia kiti kikivutwa.

"Wanaosoma haya ni wangapi?"

"Mia moja na nne. Na wewe mia moja na tano."

"Huyo shangazi ni yule mwenye kitenge cha njano, hapo kwenye benchi?"

Nilimwambia sijui rangi ya kitenge. Akasema yeye anaiona, kisha akakata.

Karatasi zilipatikana. Saa nane kasoro mwalimu mkuu wa shule yake na shangazi walitia saini kama wadhamini, bila senti moja, na saa nane na robo shangazi akapiga simu akilia. Mwenyekiti alipiga kigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu, na mzee akamjibu kwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Mimi, mtu mzima, nilikuwa nimesimama juu ya kochi.

Kisha shangazi akasema bwana harusi amekaa kwenye ngazi za kituo na hataki kuondoka. Dereva wa bodaboda yuko ndani bado, hana ndugu mjini. Mwenyekiti aliichukua simu, akamwambia mdogo wangu kwamba anaoa kesho, kwamba hajanyoa wala hajajaribu suti.

"Dada, aliyenyang'anywa ufunguo ni yeye," mdogo wangu akamjibu. "Mimi niliuliza tu."

Hakuna aliyecheka. Nilimwomba shangazi arudi ndani. Alirudi, akamdhamini kijana bila kujua hata jina la baba yake, na mwalimu mkuu akatia saini ya pili. Kabla ya saa tisa walikuwa nje wote, na ufunguo umerudishwa.

Tulikuwa tunakunja karatasi za kikao mkuu wa kituo alipoandika kundini kwa mara ya pili.

"Katibu, wanaondoka mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, mbele ya dirisha langu. Waambie mmoja ateremke."

Nilimjibu kwamba ni kosa kweli, nikampigia shangazi. Hakupokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika bwana harusi.