Mama Pasi na Neno Run

Pale kwa dobi alikofanya kazi walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kihalali, maana alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile ya kupigia pasi kwa miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha darasa la nne. Kiswahili alikisoma vizuri tu. Kiingereza, kama alivyosema mwenyewe, alikijua cha kuombea maji.

Kilichomsumbua ni lebo zinazoshonwa ndani ya kola. Jumamosi moja alinakili maneno ya lebo ya shati kwenye kipande cha karatasi, akampelekea mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Mwanangu, hapa wameandika colours may run. Nimeuliza kazini, nikaambiwa run ni kukimbia. Sasa rangi ikimbie iende wapi, na shati nimelishika mkononi?"

Mkwe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hapo ni kuchuja, mama. Run ikiwa peke yake, sawa, ni kukimbia. Ikiandamana na rangi, ni kuchuja. Ikiandamana na pua, ni kamasi. Ya bomba ni maji kutiririka. Na mtu akisema ana-run duka, hakimbii popote, analiendesha."

Mama Pasi akaitazama tena karatasi yake.

"Basi hiyo ndiyo piga yao," akasema. "Mimi napiga pasi tangu usichana wangu na sijawahi kuizaba kofi. Tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia."

Mwalimu alikuwa amefundisha miaka minane na hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Akafungua kabati, akatoa daftari jipya, akampa. "Usiulize neno lina maana gani, mama. Uliza linatembea na nani."

Wakaendelea hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, neno moja na wenzake. Kazini wenzake walimtania kwamba anajiandaa kwenda kuhutubia mabunge. Hakujali. Mwingine akakutana na soksi ndefu ya kike iliyofumuka, akamwita ili amjaribu. "Hiyo nayo ni run," akajibu bila kuinua kichwa.

Mwezi wa tano wa masomo hayo, hoteli moja ilileta vitambaa vya meza mia mbili, vyeupe, vyenye pindo jekundu. Juu ya furushi kulikuwa na karatasi: Red runs in hot water. Msimamizi akaisoma, akaikunja.

"Jamani, hivi vya nyekundu wanataka vipitishwe mbiombio kwenye maji ya moto. Jazeni mashine."

Mama Pasi aliweka pasi yake kwenye kikalio, akasogea.

"Baba, samahani. Nionyeshe hiyo karatasi."

Aliisoma midomo ikicheza, mara mbili. Msimamizi alikuwa na cheti na yeye alikuwa na daftari. "Hawajasema tuvikimbize. Wanatuonya. Wanasema nyekundu inachuja kwenye maji ya moto."

"Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana naomba tujaribu kimoja kwenye beseni."

Wakachemsha maji kidogo, wakatumbukiza kitambaa kimoja. Kabla hata ya kukigeuza, maji yalikuwa rangi ya damu, na pale palipokuwa peupe pamekuwa waridi. Watu wote walisimama wakitazama lile beseni. Msimamizi alijikuna kisogo, kisha akaenda mwenyewe kufunga bomba la maji ya moto. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kumbe tungeoga aibu," akasema. "Ahsante, mama."

Hotelini aliwapigia simu mwenyewe, akaeleza habari za kile kimoja, wala hawakukasirika.

Wiki iliyofuata alimwekea Mama Pasi kiti pale mbele nguo zinapopokelewa, awe anasoma lebo zote kabla ya kufuliwa. Asubuhi anasoma, mchana anarudi kwenye pasi. Miguu yake, iliyokuwa ikivimba kila jioni, ikaanza kupungua uvimbe, na hilo lilimfurahisha kuliko sifa.

Jumamosi iliyopita alifika kwa mkwe wake akiwa na neno fast. Mwalimu akamweleza kwamba ni upesi, tena ni kufunga kula, tena rangi ikiwa fast maana yake imeshika, haichuji hata ufanyeje.

"Yaani iliyo upesi ndiyo isiyokwenda?"

"Ndiyo, mama."

"Hawa watu," akasema Mama Pasi, akichonga penseli, "nao wana mambo yao."