Sayali Zinazokarika

Acha niseme ujinga wangu mwenyewe kabla wengine hawajausema: nilichukua kalamu ya wino mzito nikabadilisha herufi mbili kwenye chati ya rafiki yangu. Aliandika SAYARI ZINAZOKALIKA, yaani zile ambako huenda mtu angeweza kuishi. Nikamwachia SAYALI ZINAZOKARIKA.

Yeye ni wa Bumula, kule karibu na Bungoma, tunakaa dawati moja hapa Kitale, na kwenye ulimi wake r na l huazimana sweta kama ndugu. Chama cha Kiswahili kilikuwa kinachagua mtu mmoja wa kwenda Bungoma kuzungumza mbele ya shule zingine. Nyanya yake alishaambiwa aje kumsikiliza. Wiki tatu nzima alijinoa nyuma ya maktaba, peni katikati ya meno: "Sayari. Sayari. Sayari." Mimi ndiye nilikuwa namshikia tochi.

Siku ya mchujo, tochi ilikuwa nyota na ndimu kwenye uzi ilikuwa sayari. Akaeleza kwamba hata nyota jirani ziko mbali mno, sayari zake karibu zote hatuzioni. Lakini moja ikikatiza mbele ya nyota yake, mwanga hufifia kidogo, na wataalamu hupima huko kufifia. Hakukosea herufi hata moja. Nikavuta leso iliyofunika chati.

Darasa likalipuka.

"Zinakarika, bana!"

"Si utupereke huko!"

Alidhani ulimi umemsaliti. Akarudia polepole, "Sayari," wakacheka zaidi. Ndipo akageuka, akasoma. Mwandiko wangu anaujua.

Tochi yenyewe ilikuwa ya chuma. Ilinipata mdomoni, jino likalegea, na nyota nilizoona hapo hazikuhitaji darubini. Nikamrukia. Tukaanguka na benchi. Alinitwanga sikio mpaka likavuma kama posho mill ya kusaga mahindi, nami nikamzungushia kiwiko kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kitu kimepasuka. Mdomo wake wa juu ulikuwa umechanika, meno yako wazi, damu inachuruzika kwenye chati. Bado alikuwa ananipiga, analia na ananipiga. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mwalimu na viranja wawili ndio walitutenganisha.

Alishonwa. Hangeweza kutamka hata "mama". Bungoma alitumwa mwingine, na shairi la usafi.

Kesho yake mama yangu aliitwa shuleni. Alitoka sokoni na aproni yake ya kuuzia vitunguu. Yeye pia alizaliwa Bumula.

"Mama, ilikuwa tu mchezo," nikasema. "Si unajua vile huyu huongea?"

Alisoma chati kwa kidole, neno kwa neno, akapita juu ya damu. Akamtazama rafiki yangu na bandeji yake. Kisha akanigeukia:

"Huyu mtoto anaongea kama mimi. Sasa niambie, nicheke na wewe, ama nirie?"