Siku Nilipofuta Harusi ya Molo

Hii stori sijawahi kuimaliza mbele ya watu, kwa sababu kila nikifika pale kwa lori nasikia uso ukiwaka moto, lakini wacha leo nijikaze niimalize.

Auntie yangu Rose hukodisha tenti na viti hapa Nakuru, ofisi iko mtaa wa Section 58, chumba kimoja tu, na mimi ndiye nilikuwa mtu wa kompyuta (nilisomea diploma, na nilihakikisha ukoo mzima unajua). Email na kalenda yetu zilikuwa za kulipiwa kila mwezi, nikamwambia Auntie kuna programu huria, za bure, unaziweka kwa seva yako mwenyewe na hakuna mtu anakusumbua. Nikajaribu tatu, nikachagua ile yenye kalenda ya rangi rangi.

"Una hakika, Wambui?"

"Auntie, hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Alhamisi nikahamisha kila kitu na kweli kikahama, ila kila booking ilitokea mara mbili. Nikaona huo ni uchafu, na badala ya kutulia nisome maagizo, nikachagua zile za ziada zote nikafuta kwa mpigo. Kumbe ile kalenda ukifuta shughuli inamwandikia kila aliyealikwa kwamba imefutwa, na wateja wetu wote tulikuwa tumewaweka humo! Dakika haijaisha, kila mtu aliyebook tenti kuanzia Kamere mpaka Molo ameambiwa shughuli yake haipo tena.

Nilijua tu wakati mzee mmoja wa kanisa kule Kamere alipiga simu. "Madam, mbona mmetufuta?"

Auntie alikuwa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwangu, anakunja vitambaa vya meza. Ningemwambia tu. Lakini niliona aibu, nikamtuliza mzee kwa sauti ya chini, nikaandika email ndefu ya kuomba msamaha, nikaituma kwa wateja wote, nikaenda kununua chai nikijiona nimeokoka. Sikujua zile barua nyingi za ghafla zilikuwa zimefanya seva yetu mpya ionekane ya matapeli, kwa hivyo msamaha wangu wote uliangukia kwa spam, mahali hakuna mtu huangalia.

Jumamosi asubuhi tukapanda kwenda Molo na lori, mimi na Auntie mbele na vijana wa kazi nyuma, tunaenda kwa harusi ya binti wa Mama Chebet. Tukaingia kwa boma tukapata tenti nyeupe zimeshasimama. Si zetu.

Mama Chebet akatoka. "Rose, mmekuja kufanya nini?"

"Si kusimamisha tenti, mama?"

"Na si mlitufuta?" Akatoa simu kwa mkoba akasoma kwa sauti, na wamama waliokuwa wanamenya viazi wakashika visu hewani wakisikiliza: "Shughuli hii imefutwa na Wambui."

(Jina langu, jamani. Hiyo programu huwa inaweka jina.)

Auntie akanigeukia polepole. "Ulikuwa unajua?"

"Nilituma email ya kuomba msamaha," nikasema, na mtu fulani akacheka.

Ningeshukuru kama ingeishia hapo. Lakini usiku wote mvua ilikuwa imenyesha, na lori likigeuka na mzigo wake wote likazama kwa matope katikati ya njia ya maharusi. Wageni wakavua makoti ya suti wakasukuma. Bwana harusi mwenyewe alisukuma, na tairi ikamrushia tope kifuani.

Likatoka, tukarudi Nakuru na tenti zetu vile vile zilivyofungwa.

Hiyo programu haikuwa na makosa, baadaye nilisoma nikaona kuna mahali pa kuchagua usitume taarifa kwa mtu. Lakini wateja wengi walishaenda kwingine, na kila asubuhi Auntie huvaa miwani yake akawapigia mmoja mmoja, mimi nikiwa nimeketi hapo nasikiliza: "Hapana mama, hatujafunga. Bado tupo." Hajawahi kunigombeza, na heri angenigombeza. Mimi nimeapa kwamba siku nitakosea tena nitasema papo hapo, kwa sababu ile Alhamisi ilihitaji neno moja tu kwa mtu aliyekuwa karibu yangu, na sikulisema.