Mlango Niliouahidi

Sifa njema zote ni zake Mola, aliyenipa miguu ya kukimbilia utotoni na akanibakishia ya kunifikisha msikitini.

Juma lililopita vijana wa mtaa waliniomba niwaongoze watoto wa madrasa kutembea Mji wa Kale, kutoka Bondeni hadi bustani ya Ngomeni. Nilikubali upesi. Matembezi hayo nayajua. Enzi zetu, siku chache kabla ya Ramadhani, mwalimu alitupanga wawili wawili, tukapita vichochoroni na kusimama kwenye kila nyumba iliyofiwa mwaka ule. Tulisoma Fatiha, tukaitikia dua, tukapewa kaimati au sharubati ya ukwaju. Mwisho tulijilaza bustanini, vidole vikinata shira ya kaimati.

Mwaka mmoja nilipewa mimi kazi ya kutangulia na kuonyesha nyumba. Jirani yetu, bibi mpika vibibi vya unga wa mchele, dirisha lake la kijani lilikuwa limefungwa wiki tatu, na ile harufu ya nazi na iliki haikutoka tena. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona basi, ameshakufa. Nikawasimamisha wenzangu mlangoni pake. Tulikuwa katikati ya dua dirisha likafunguka.

"Mwamuombea nani?"

Mmoja wetu akajibu, "Wewe, bibi."

"Lo! Homa tu, nanyi mushanizika!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu aliinama kwa haya, akamtaka radhi.

"Waache wamalize, mwalimu. Mgonjwa naihitaji dua." Kisha akanielekezea kidole. "Nawe uliyeniua, nikifa kweli usiupite mlango huu. Simama unisomee."

"Inshallah, bibi."

Alipofariki nilisimama kila mwaka, hadi kazi iliponipeleka bara. Niliporudi magoti yalikuwa mabovu. Nikawa namuombea nyumbani, nikijiambia mlango upo, nitakwenda.

Basi siku ile nilitangulia tena. Nilitafuta dirisha la kijani na kibaraza cha mawe alipopumzikia mwalimu. Nikakuta maghorofa matatu yanayofanana, chini maduka. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma. Nikamuuliza muuza simu.

"Niwie radhi, mzee wangu. Mimi nina mwaka mmoja tu hapa."

Hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Watoto walikuwa wakiungua jua. Mjukuu wangu akanishika kanzu. "Babu, ndio hapa?"

Sikuweza kusema ndio, wala la. Pengine mlango wenyewe nilikuwa nimeshaupita mara mbili.

Tulisoma pale pale njiani, tukisogea ukutani pikipiki zipite. Nilipoitikia amina nilijikuta nimeinua uso, nikitazama juu. Hakuna dirisha lililofunguka.

Nawe unayesoma, Mungu akupe umri wa kheri, na siku utakapoondoka, akubakishie mtu anayeujua mlango wako.