Majivu ya Golini

Wa rika langu mnaikumbuka safari ya Mbeya hadi Iringa kabla ya haya mabasi yenye televisheni. Nilitoka nyumbani na sanduku la bati na ndizi za kuchemsha alizonifungia mama. Makambako basi likafa. Tulisimama kwenye baridi ile mpaka lori la viazi likatuonea huruma, nikafika chuo cha ualimu nanuka udongo, cheti cha kidato cha nne mfukoni. Mama alikuwa ameniambia, "Ugenini usibishane na wenyeji, mwanangu."

Nikawa kipa wa timu ya chuo. Tulivaa jezi zilizofuliwa kwa sabuni ya mche, tukanywa uji wa chumvi, na kila mechi tuliingia uwanjani kinyumenyume. Ndiyo ilikuwa dawa ya timu, na msimamizi wake alikuwa nahodha Osward, beki mrefu wa Kihehe.

Mwaka ule akaja kocha mpya, Mwalimu Ambakisye, Mnyakyusa wa kwetu Mbeya. "Tutaingia kwa mbele, kama watu," alisema. Tukaingia kwa mbele, tukashinda. Tukashinda tena na tena, na kila ushindi ukazidi kututia wasiwasi.

"Anakataa dawa yetu kwa sababu ana yake," Osward alisema.

Kisha tukajua fainali tunacheza na chuo kimoja cha Mbeya, pale pale uwanjani kwetu. Utani ukageuka. "Wewe mtani, na kocha wako mmeshapanga tufungwe ngapi?" Wengine walicheka. Osward hakucheka.

Asubuhi moja mpishi alimwona Mwalimu amechuchumaa golini kwangu, anafukia kitu kutoka kwenye kopo. Jumapili, wanachuo wengine wakiwa kanisani, Osward alinipa jembe mbele ya timu nzima.

"Kama uko na sisi, chimba."

Nilijua nikikataa sina timu. Nikachimba. Tukakuta majivu na pilipili kichaa zilizosagwa. Mtu mmoja akapiga ishara ya msalaba. Tukayatupa mbali, nikarudishia udongo haraka haraka, nikaukanyaga mara mbili tatu, tukaapa kutosema.

Siku ya fainali tuliingia kinyumenyume, Mwalimu akitutazama. Hadi dakika za mwisho hakuna aliyekuwa amefunga. Likaja shuti dhaifu, la kudaka kwa mkono mmoja. Nikapiga goti. Mpira ukagonga udongo ule niliouchimba, ukaruka juu ya bega langu, ukaingia.

Mwalimu alikuja golini, akausukuma udongo kwa kiatu. "Nani kafukua hapa? Niliweka majivu kuwafukuza fuko, usije ukavunjika mguu kwenye mashimo yao."

Nikamtazama Osward. Osward akawatazama wenzake.

"Muulize mtani," akasema. "Si ndugu yako? Katuuza."

Hakuna aliyebisha. Mimi pia, mtoto wa mama yangu, sikubisha.

Siku hizi naona vijana wakifungwa wanamtukana refa kwenye simu, kesho wamesahau. Sisi hatukuwa na simu. Tulikuwa na jembe, na tulisahau polepole. Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, na kila timu niliyojiunga nayo, kabla ya kusalimia, nilikagua kwanza udongo wa goli.

Jumatatu baada ya fainali ile niliacha chuo, nikabeba sanduku langu hadi barabarani. Mwalimu peke yake ndiye aliyenisindikiza. Alinipa mkono basi lilipofika, nami nikajikuta naangalia kama ana kitu kiganjani.