Biira Wawili na Kadi ya Maktaba

Harufu ya maktaba ya Bwera ilikuwa mavi ya popo, gundi na kahawa. Popo walilala juu ya dari, gundi ilitoka kwenye migongo ya vitabu, na kahawa ni ile watu waliyoianika mbele ya mlango, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na sakafu ya simenti isiyopasuka. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, nyuma ya soko, bati juu na madirisha mawili ya nondo. Hata leo nikikutana na harufu hiyo, ghalani kwa mtu au kanisani, natoka nje. Wengine wakikumbuka utoto wao wanatabasamu. Mimi nasaga meno.

Tulikuwa tumeshuka mlimani baada ya waasi kuingia vijijini. Baba alibaki huko juu na kaburi lake silijui. Mama alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo aliyenishika mkono wakati wa kukimbia ni mama mdogo Kabugho, tukaishia kambini Bwera, chini ya turubai iliyotoa jasho asubuhi na kuunguza mchana. Shule nayo ilikuwa turubai. Darasa la saba tulijaa kama maharage guniani, mwalimu mmoja, ubao uliovunjika pembe, na kitabu hakuna hata kimoja. Mwalimu hakutuficha: utakuja mtihani wa majaribio, na atakayeanguka hataandikishwa kwa mtihani wa taifa. Na Zakayo, mume wa mama mdogo, alikuwa ameshasema lake, mdomo umejaa muhogo: "Huyu akianguka, anaenda Nyakiyumbu kwa ndugu yangu kuchuma pamba. Posho ya kambi si ya kulisha wenye ndoto." Kwa hiyo nilijua kabisa. Mtihani ule ndio uliosimama kati yangu na pamba.

Ndipo nikasikia habari ya kadi. Mtu yeyote wa Bwera, hata wa kambini, aliweza kupewa kadi ya maktaba bila kutoa chochote. Sikuamini. Mama Kahindo, Mkongo wa Butembo aliyeuza vitenge sokoni na kunituma maji, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kitu ya bure ya serikali? Iko na mwenyewe hiyo, mutoto wangu. Wewe enda tu, utamuona."

Nikaenda. Mtunza maktaba alikuwa Yonasani Kule. Nasema jina lote ili akina Kule wengine wasibebe mzigo wake. Alikuwa ametoka jeshini, na watoto tulimwita afande kwa sababu hakujua kuongea bila kuamuru. "Simama hapo! Jina!" Nikasema Biira. Akaandika Biira, Bwera, kwenye kipande cha karatasi ngumu, akanisukumia. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa la sisi Wakonzo peke yetu. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Ita Biira sokoni, nusu ya wanawake watageuka. Jina la ubatizo nilikuwa nalo, Evelina, lakini nani angeniuliza? Nyumbani hatuulizani Biira yupi. Kila mtu anajua Biira wa nani. Kijijini kwetu hilo lilitosha. Bwera ile, iliyofurika watu walioshuka kila kona ya mlima, haikutosha.

Lakini zile wiki za mwanzo, jamani! Kwa kadi ile niliingia kama mtu mwenye kwake. Kulikuwa na vitabu vya hesabu vyenye picha za matangi na mabomba, ramani kubwa ukutani ambamo niliitafuta Bwera nikakuta doa la nzi, magazeti ya Kampala yaliyofika yakiwa yamechakaa, kamusi ya Kifaransa ambayo wachuuzi wa Beni, ng'ambo ya mpaka, walikuja kutafutia maneno, na redio ya kaseti iliyofundisha Kiingereza kwa sauti ya mwanamke mpole. Nilikuwa nikimjibu yule mwanamke kwa kunong'ona. Kulikuwa na mtungi wa maji safi mlangoni. Kulikuwa na benchi. Sisi wa kambini tulikuwa hatujakaa kwenye kitu chenye miguu tangu tukimbie. Yote bure. Hakuna aliyeniuliza baba yangu yuko wapi. Na juu ya yote kulikuwa na kitabu cha maswali ya mitihani ya darasa la saba, majibu nyuma, nakala moja tu.

Jumatatu moja nikafika, Yonasani akaninyang'anya kadi kabla sijakanyaga ndani. "Rudisha kitabu cha maswali!"

"Sijakichukua, afande. Mimi nakisomea hapa hapa."

"Kimechukuliwa na Biira wa Bwera. Wewe si Biira? Bwera si hapa? Bila kitabu, hakuna kuingia." Akaitia kadi kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

Nikamwambia kuna Biira mwingine, binti wa mwenyekiti wetu wa mtaa, Erisa Thembo, anasoma darasa la saba kama mimi, nami nimemwona kwa macho yangu akitoka na kitabu kwapani. Yonasani akatazama mlangoni kwanza, kisha akaniambia nikitaja tena jina la mwenyekiti ataniitia askari. Nikapiga magoti. Nikasema basi nisome nikiwa nje, dirishani. "Nje iko jua," akasema, "jua ni bure, hilo nakupa." Wachuuzi waliokuwa ndani wakacheka. Nilisimama dirishani kweli, siku nyingi, nimeshika nondo, nikisoma kitabu cha mtu mwingine juu ya bega lake. Akifunua ukurasa kabla sijamaliza, swali linakufa katikati.

Mtihani ulikuwa umekaribia sana siku Mama Kahindo aliponipa karanga alizonunua kwa mke wa mwenyekiti. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi. Nilikula moja, nikaona tangi. Tangi na mabomba mawili, na pembeni muhuri wa zambarau wa maktaba. Mama Kahindo hakusubiri niongee. Alinivuta mkono kupita katikati ya soko, karanga zinadondoka, mpaka kwa Yonasani, akaibandika ile karatasi mezani.

"Weye baba, angalia. Muhuri hii iko ya nani? Ya mama yangu?"

"Mama, wewe ni mtu wa Butembo, mambo ya ofisi hii unayajulia wapi?"

"Ofisi sijui. Karanga najua. Karanga ya bibi ya mwenyekiti iko ndani ya kitabu yako, na ni huyu mutoto munamufukuza!"

Yonasani aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, taratibu, akakung'uta chumvi. Alijua. Nilimwona akijua. Nyumba aliyolala ilikuwa kwenye kiwanja cha Erisa Thembo, Bwera nzima ilifahamu. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Hii ni karatasi tu," akasema. "Kitabu kiko wapi?"

Nililia kwa sauti ya mtu mzima aliyefiwa. Mama Kahindo alimtukana kwa Kinande cha kwao na Kifaransa mpaka watu wakajaa mlangoni, lakini kadi haikutoka kwenye droo. Nilianguka mtihani, na swali la tangi lilikuwemo. Biira wa Erisa alipita. Zakayo hakungoja jua lichwe. Mchana ule ule alifunga shuka langu, nikaenda Nyakiyumbu, na huko nilichuma pamba mpaka nikaozwa kwa mtu ambaye sikuulizwa kama namtaka.

Sasa naishi Kasese, nauza samaki wakavu wa Kahendero. Binti yangu wa mwisho, Mbambu, ndiye aliyenipeleka kwenye maktaba ya siku hizi. Kadi ina picha ya uso, ina namba, na dada wa mezani aliuliza majina yote mpaka la babu. Kuna kompyuta, kuna intaneti, kuna masomo ya watu wazima Jumamosi, na yote bado bure. Nikaomba kitabu cha hesabu cha darasa la saba.

"Ni cha mtoto, mama?"

"Ni changu."

Akatazama mikono yangu yenye magamba, akakitoa rafuni, akanipa. Nimekiazima mara nyingi, nakirudisha kabla ya siku yake kwa hofu isiyotoka mwilini. Sijavuka kurasa za mwanzo. Macho yanauma, mgongo unauma, namba ninazozishika Jumamosi zinamwagika Jumatatu nikianza kupanga samaki. Yule dada, mtoto mwema, hupenda kuniambia kwamba elimu haina kuchelewa. Ina. Mimi nimechelewa, mwanangu, na sikuchelewa mwenyewe. Nilicheleweshwa, na walionichelewesha ni Yonasani Kule, Erisa Thembo na Zakayo mume wa Kabugho.