Praxeda Ashika Msumeno

Praxeda Nyangeta alitoka Musoma kuja Kigali kwa kazi ya kutafsiri nyaraka, na kwa miaka kumi na moja maisha yake yote yalikuwa kati ya meza ya ofisi na nyumba yake ya kupanga huko Rebero. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na msituni hakuwahi kukanyaga.

Jirani yake Umulisa, muuguzi, ndiye aliyemshawishi. Umulisa alikuwa katika kikundi cha kujitolea kinachokwenda msitu wa Nyungwe kila baada ya miezi miwili kufyeka njia za miguu na kuondoa miti iliyoanguka.

"Njoo mara moja tu, dada. Ukichoka utatungojea kambini."

Basi Jumamosi moja asubuhi watu tisa wakaingia msituni, wakiongozwa na Kagabo, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekulia Uganda. Wenzake waliapa kwamba hawajawahi kuona meno yake.

Saa nne wakakuta mti mnene kama pipa umelala katikati ya njia. Kikundi hakitumii msumeno wa petroli, kisiwasumbue wanyama, kwa hiyo Kagabo na Umulisa wakashika ule mrefu wa watu wawili. Ukakwama. Wakasukuma, ukapinda kama upinde. Praxeda, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akipumua kwa shida, akaangua kicheko.

"Mnasukumana! Huo hausukumwi. Unavuta, halafu unamwachia mwenzako avute."

"Mama, wewe unajuaje?" Kagabo akauliza.

"Baba yangu alikuwa mpasua mbao, pale uani kwetu. Baba mdogo akiugua, nilikuwa nashika upande wake mimi."

Akafunga kitenge vizuri juu ya suruali, akachuchumaa mahali pa Umulisa. "Haya, mwalimu. Vuta. Achia. Vuta. Achia." Unga wa mbao ukaanza kumwagika. Mikono ilikumbuka kila kitu, na Praxeda akajisikia mwepesi hata akataka kupiga vigelegele.

Mti ulikuwa umebakiza kidogo ukatike, Kagabo akaachia mshikio na kuruka juu.

"Mzee, unacheza ngoma gani tena?" Praxeda akauliza.

"Siafu! Siafu iko ndani ya suruali!"

Praxeda akafungua mdomo amcheke, naye akang'atwa gotini. Punde watu wote tisa walikuwa wakirukaruka na kujipiga mapaja. Kagabo akamtazama Praxeda, Praxeda akamtazama Kagabo, na mwalimu akacheka mpaka akaketi matopeni. Akainuka mbio, maana siafu walikuwapo hapo pia.

Walipomaliza kulikata lile gogo, wakalisukuma kwa pamoja. Likabingirika bondeni kwa kishindo, na kutoka ng'ambo sokwe wakapiga kelele. Praxeda akawajibu kwa sauti yake yote. Wakamjibu tena.

Jumatatu hakuweza kushika kalamu. Bosi wake, Kiprotich, akaona malengelenge akadhani ameungua jikoni.

"Nimekata mti," Praxeda akasema, kicheko kikamshika upya, ikabidi atoke nje.

Sasa ni mwaka wa tatu, hajakosa safari hata moja, na wageni wote wa kikundi hufundishwa naye kuvuta na kuachia. Mwezi ujao zamu ni ya Kiprotich. Ameshanunua viatu, na kila siku huvivaa ofisini kuvizoesha.